Mrejesho: wakusanyaji wa visu na bunilizi za kisayansi

Mwezi uliopita niliuliza namna ya kuwavuta wenzangu wa hapa Mbeya, ambao tunakusanya pamoja visu vya kukunja, wazipende bunilizi za kisayansi. Mlinishauri nianzie kwenye kisu chenyewe, na ushauri huo umezaa matunda. Niliwasimulia riwaya ya Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965, ambamo kisu huchongwa kutokana na jino la mnyoo mkubwa wa jangwani, na kile kisichoimarishwa huharibika kikikaa mbali na mwili wa binadamu. Mzee mmoja wa Tukuyu, ambaye nakiri nilimdhania mgumu kuliko wote, alisema hilo halimshangazi, kwani kisu chake cha chuma cha kaboni nacho hushika kutu upesi kwa mvua za kwao asipokipaka mafuta. Tulibishana hadi jioni, na sasa kitabu kiko kwake.