Miezi 113

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Kombo. Jumamosi, 7 Februari 2026*

Shangazi Mwanaidi: Asalam aleikum wanangu. Mmeamkaje huko na baridi

Shangazi Mwanaidi: *[Ujumbe uliosambazwa mara nyingi]* HABARI NJEMA!!! Serikali ya Marekani YAFUTA mikopo YOTE ya wanafunzi. Watumie ndugu zako walioko Marekani wasipitwe!!!

Shangazi Mwanaidi: Rehema mwanangu, hongera sana. Nimemsomea Bibi, kanyanyua mikono kaomba dua. Sasa lile paa la Bibi tunaweza kulizungumza, maana Machi mvua hiyo hapo

Juma (Dodoma): Shikamoo Shangazi. Huu ujumbe mbona kama ule wa mwaka juzi

Shangazi Mwanaidi: Marahaba baba. Mimi nimeupata leo kikundi cha msikitini

Juma (Dodoma): Kama ni kweli na sisi watufikirie. Bodi ya Mikopo wananikata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, mwaka wa tisa huu. Nafuu pekee niliyoiona ni 2021, Mama Samia alipoondoa ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo. Deni likashuka nikaona mwanga

Zainabu: Dada Rehema yuko shifti ya usiku, ataona akitoka

Rehema (Columbus): Shikamoo Shangazi. Waleikum salaam. Ndio nimefika nyumbani, hata viatu sijavua.

Rehema (Columbus): Shangazi, si kweli. Naomba unisikilize vizuri maana najua huko nyumbani wapo wanaosema Rehema kasamehewa deni na bado mkono mzito. Bado nadaiwa. Jana usiku nimeangalia, dola 72,000 na kitu. Riba yake kwa siku ni kama dola 12. Nimelala, nimeamka, nimekula, dola 12.

Shangazi Mwanaidi: Subhanallah. Si ulisema ukifanya kazi hospitali miaka kumi wanasamehe?

Rehema (Columbus): Nilisema, na sheria hiyo ipo kweli, tangu 2007. Ukifanya kazi serikalini au shirika lisilo la faida, kwa saa kamili, ukalipa miezi 120, kinachobaki wanafuta. Hospitali yangu inaingia humo. Ule mwingine wa kufutia karibu kila mtu, alioutangaza Biden Agosti 2022, dola 10,000 na wengine 20,000, Mahakama ya Juu ya Marekani iliuzuia 30 Juni 2023. Majaji 6 kwa 3. Nafikiri ujumbe wako unatokana na ule, watu wanauzungusha tu.

Baba Mdogo Salim (Houston): Wanangu salaam. Rehema, wewe si ulianza 2013? Miaka kumi mbona imepita

Rehema (Columbus): Shikamoo Baba Mdogo. Hapo ndipo penye kidonda. Niliingia hospitali Desemba 2013 kupitia wakala wa ajira. Nilivaa sare ya hospitali, nilisukuma vitanda vya hospitali, kitambulisho kifuani kina nembo ya hospitali. Ila mshahara aliyenilipa ni wakala, na wakala ni kampuni ya faida. Miezi 14 ile yote haihesabiwi. Wanachoangalia ni nani jina lake liko kwenye karatasi yako ya kodi. Wagonjwa uliowageuza kitandani hawamo kwenye hesabu.

Rehema (Columbus): Na sikujua! Nimekuja kujua 2022 nilipopeleka fomu ya mwajiri. Fomu inashauriwa uitume kila mwaka, mimi nilidhani unaisubiri hadi mwisho. Dada wa ofisi ya utumishi akaniambia, Rehema mimi nakusainia kuanzia Februari 2015. Nikamwambia nilikuwepo hapa kabla, wewe mwenyewe ulinionyesha mahali pa kubadilishia nguo. Akasema nakumbuka, lakini siwezi.

Zainabu: Dada 😢

Juma (Dodoma): Kwa hiyo Feb 2015 mpaka leo ni ngapi? Hiyo nayo si imepita 120?

Rehema (Columbus): Kalenda imepita. Hesabu yao imesimama 113. Nililipa mpaka Juni 2024, na ile miaka ya korona waliposimamisha malipo nayo walituhesabia, kwa hilo nashukuru. Lakini nilikuwa nimehamia SAVE, mpango wa serikali wa kulipa kulingana na kipato, kwa sababu malipo yake yalikuwa madogo, na Julai 2024 mahakama ikausimamisha. Sisi wote tuliokuwemo, mamilioni ya watu, tukawekwa pembeni: msilipe, subirini. Mwaka wa kwanza hakuna riba, kuanzia Agosti 2025 riba ikarudi. Na mwezi ambao hulipi hauhesabiwi. Miezi 19 nimekwenda kazini na haikuandikwa popote.

Juma (Dodoma): Naliona lile daftari la kijani kama vile liko mbele yangu. Nilipokuja kwako kulikuwa na ukurasa mzima wa alama za vema, nikadhani ni za kidonge cha presha

Rehema (Columbus): 😅 Ndilo hilo. Julai 2024 niliweka mstari mwekundu, chini yake sijaandika kitu.

Rehema (Columbus): Kama ile miezi 14 ya wakala ingehesabiwa ningefika 120 Novemba 2023. Mahakama ingenikuta nimeshatoka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko deni lenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Nimemsimulia Bibi. Anauliza, huo ni msamaha gani unaohesabiwa? Anasema mtu akikusamehe amekusamehe

Rehema (Columbus): Mwambie Bibi kasema kweli. Huu ni mkataba. Unafanya kazi ya umma kwa mshahara mdogo kuliko wa kampuni, wao wanakufutia kilichobaki. Mimi upande wangu nimeutimiza. Kituo cha upasuaji cha watu binafsi kiliniita mara mbili, saa moja dola 9 zaidi ya hapa. Nikakataa kwa ajili ya hii 120.

Baba Mdogo Salim (Houston): Sasa kuna njia au ndio basi?

Rehema (Columbus): Ipo. Miezi niliyowekwa pembeni naweza kuomba kuinunua, yaani nalipa ile ambayo ningelipa wakati ule, wanaiandika. Ila wanakubali tu kama ukinunua unafika 120. Mimi nahitaji saba, na ninayo 19. Nimeomba tangu Septemba. Kuna makumi ya maelfu ya watu kwenye foleni. Pia nimeomba kuhamia IBR, mpango mwingine wa kulipa kulingana na kipato, nikikubaliwa nilipe saba za kawaida. Ipi itatangulia sijui, nimeshika zote mbili.

Rehema (Columbus): Na wakifuta kwa njia hii ya utumishi wa umma hakuna kodi ya serikali kuu. Wanaosamehewa kwa njia ya kawaida, baada ya miaka 20 au 25, kuanzia 1 Januari mwaka huu kinachofutwa kinahesabiwa kama kipato. Yaani umelipa nusu ya umri wako halafu inakuja bili ya kodi.

Baba Mdogo Salim (Houston): Na mimi nina miaka 25, ila ni ya kulipa tu. Mnajua nilimkopea Zainabu ule wa wazazi, Parent PLUS. 54,000. Nikarefusha malipo ili mwezi usinibane. Nina miaka 61. Niliuliza nikifa inakuwaje, wakasema linafutwa. Basi nikaona hiyo ndiyo ratiba

Zainabu: Baba usiongee hivyo humu

Shangazi Mwanaidi: Salim! Astaghfirullah

Rehema (Columbus): Baba Mdogo, ngoja. Lile basi la abiria unaloendesha ni la nani?

Baba Mdogo Salim (Houston): La mamlaka ya usafiri ya jiji. Mwaka wa saba huu

Rehema (Columbus): La umma!! Baba Mdogo, mkopo wa mzazi kazi inayoangaliwa ni ya mzazi aliyekopa, haijalishi Zainabu anafanya kazi wapi. Hakuna aliyekuambia?

Baba Mdogo Salim (Houston): Hakuna. Miaka saba naulizia punguzo la malipo kwa simu, wananipa muziki nusu saa, hakuna aliyeniuliza nafanya kazi wapi

Rehema (Columbus): Sasa sikiliza kwa makini, maana dirisha linafungwa. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inasema mkopo wa mzazi ambao haujaunganishwa, yaani kugeuzwa mkopo mmoja mpya, kabla ya 1 Julai 2026 unabaki kwenye malipo ya kawaida tu, mipango ya kulipa kulingana na kipato hauingii tena. Uombe kuunganisha SASA, kwa sababu mkopo mpya lazima uwe umeshatoka kabla ya tarehe hiyo, na inachukua wiki kadhaa. Ukishaunganisha unaomba ICR, nao ni mpango wa kulipa kulingana na kipato, unaanza kulipa, kisha unahamia IBR kabla ya Julai 2028. Na fomu ya mwajiri upeleke Jumatatu. Ya nyuma wakuhesabie wao, usikadirie mwenyewe kama mimi.

Baba Mdogo Salim (Houston): Na Hamisi je? Anaanza chuo Agosti. Nilishapanga kumkopea huohuo

Rehema (Columbus): Usichukue. Nisamehe kukuambia hivyo. Ukichukua mkopo mpya wa mzazi kuanzia 1 Julai 2026, na ule wa zamani unapoteza ile njia ya kulipa kwa kipato. Mpya unauambukiza wa zamani. Na wenyewe wameuwekea kikomo, dola 20,000 kwa mwaka, 65,000 kwa mtoto mmoja mpaka amalize.

Zainabu: Hamisi aanze chuo cha jamii hapa Houston miaka miwili, alale nyumbani. Nitazungumza naye mimi

Zainabu: Dada, na mimi nilitaka kukuuliza. Nimekubaliwa ile shahada ya unesi wa nusukaputi, naanza Agosti. Miaka mitatu na kazi hawaruhusu

Rehema (Columbus): Mashallah!!! Hongera mdogo wangu. Ada?

Zainabu: Na kula na kulala inavuka 180,000

Rehema (Columbus): Zainabu. Mkopo wa serikali kwa wanaoanza baada ya 1 Julai ni 20,500 kwa mwaka kwa shahada za juu. Mara tatu ni 61,500. Ule wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo umefutwa kwa wakopaji wapya. Kikomo cha 50,000 kwa mwaka ni kwa shahada wanazoziita za kitaaluma: udaktari, sheria, meno, famasia, hata theolojia imo. Kwenye orodha ya wizara ya elimu inayopendekezwa uuguzi haumo.

Juma (Dodoma): Theolojia imo na unesi haumo?

Rehema (Columbus): Nakuambia. Mtu anayekulaza usingizi wakakupasua, hayumo.

Zainabu: Kuna benki imeniandikia itanipa zote zilizobaki

Rehema (Columbus): Itakupa, na huo ni mkopo binafsi. Hakuna miaka kumi, hakuna kulipa kwa kipato, ukiugua ukapunguza shifti wao hawapunguzi. Umeniona mimi na malalamiko yangu yote, lakini mimi bado nina 120 ya kuikimbilia. Huko hakuna namba ya kuikimbilia kabisa. Uliza kama wanaweza kukushikia nafasi mwaka mmoja. Uliza hospitali unayofanya kazi kama inasomesha. Hospitali nyingi zinatafuta watu wa nusukaputi.

Zainabu: Nimepata pia tangazo la kampuni, wanasema wanafutisha mkopo wa Baba kwa dola 799

Rehema (Columbus): Futa hilo tangazo. Usimpe mtu pesa wala neno la siri la akaunti. Fomu zote ziko kwenye tovuti ya serikali, StudentAid.gov, bure. Hapa kwetu kuna mama wa Kikenya alitoa 1,200, wakamwekea tu mkopo wake kwenye mapumziko ya malipo wakapotea.

Juma (Dodoma): Dada swali. Hospitali yako haiwezi kutolewa kwenye orodha ya waajiri wanaokubalika?

Rehema (Columbus): Hospitali sidhani. Lakini kuna kanuni ya Oktoba iliyopita, inaanza 1 Julai, inampa waziri wa elimu uwezo wa kumwondoa mwajiri akiona shughuli zake zinakwenda kinyume cha sheria. Rafiki yangu yuko shirika la kusaidia wakimbizi, ana miezi 104. Anaogopa kuamka siku moja akute mwajiri wake katolewa akiwa na 110.

Shangazi Mwanaidi: Rehema, nisamehe mwanangu. Nilikuwa nasema na wifi yako kwamba siku hizi umekuwa mzito. Sikujua unabeba hivi

Rehema (Columbus): Shangazi usiniombe radhi. Mimi ndiye sikusema. Nilikuwa naona aibu, nesi wa Marekani anayedaiwa miaka 12. Paa la Bibi nitatoa laki tatu mwisho wa mwezi, Juma ongeza kidogo, tufunike kwanza upande wa chumbani kwake.

Juma (Dodoma): Laki moja na nusu kwangu. Bodi wakishachukua yao 😊

Shangazi Mwanaidi: Allah awabariki. Bibi anauliza 113 mpaka 120 ni lini? Anataka aiombee kwa tarehe

Rehema (Columbus): Mwambie IBR wakinikubalia mwezi huu, nikaanza kulipa Machi, ya saba ni Septemba. Aiombee Septemba.

Rehema (Columbus): Nalala sasa. Saa moja jioni naingia tena.

Baba Mdogo Salim (Houston): Zainabu amenifungulia ile tovuti, tuko mezani. Nimefika ukurasa wa tatu, wananiuliza mikopo ipi ya kuunganisha. Iko minne hapa, mimi nilidhani ni mmoja

Baba Mdogo Salim (Houston): Nachagua yote?

Zainabu: Kalala Baba. Tusibonyeze kitu, tumsubiri aamke