Naomba ushauri: aspirini yangu inayeyuka mapema, tatizo ni uchafu au joto?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hapa nimekwama. Tumetengeneza aspirini maabara kwa asidi ya salisiliki na asetiki anhidridi, nikaipata nyeupe safi kabisa kwa macho, ila nikipima kiwango cha kuyeyuka inaanza kulainika kwenye nyuzi 126 za Selsiasi inamaliza 131, wakati vitabu vinasema kama 135 hivi.

Nimeshaisafisha kwa kuiyeyusha na kuifanya fuwele upya kwa ethanoli na maji, nikaikausha usiku kucha, nikapima tena ikapanda kidogo tu, 128 hadi 132. Nikaweka tone la feriki kloraidi (hugeuka zambarau ikikuta asidi ya salisiliki) ikatoa zambarau hafifu sana, yaani mpaka uinamishe kichwa ndo unaiona. Halafu kuna kitu kimenichanganya, ile kapilari (kijibomba chembamba cha kioo chenye sampuli) ya kwanza niliiacha ikapoa nikaipima tena ileile (najua, uvivu) ikayeyuka 119! Nasikia aspirini huwa inaanza kuharibika karibu na joto lake la kuyeyuka, na mimi nilikuwa napandisha polepole digrii 1 kwa dakika toka chini kabisa, sasa nahisi nimeipika muda mrefu kabla hata haijafika.

Swali langu, je niingize kapilari mpya mashine ikiwa tayari kwenye 120 au hivi ndo nipate namba ya kweli? Na kwa hiyo zambarau hafifu, mtajuaje kama ni salisiliki iliyobaki toka mwanzo au ni unyevu umeivunja baadaye? Mashine ya DSC (inayopima joto ambalo sampuli inalichukua ikiyeyuka) hatuna, ni kapilari na temomita tu.