Afisa Elimu Kata: mlezi wa walimu au askari wa andalio la somo?

Mwalimu_Nzuguni: Mbukwenyi wakuu. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka tukae kwenye jumuiya za kujifunza hapohapo shuleni, tutazamane tukifundisha, na Afisa Elimu Kata atulee. Sawa. Lakini huyohuyo ndiye anayepeleka taarifa halmashauri. Nitamwambiaje kwamba darasa langu la pili limegoma kwenye kutoa kwa kukopa na mimi nimeishiwa mbinu? Kofia mbili, kichwa kimoja, inawezekana?

Chaki_Bahi: Wa kwetu kaja na pikipiki yake ya serikali, kaomba azimio la kazi na andalio la somo, kasaini kitabu cha wageni, huyoo! Darasani hakutia mguu.

Mstaafu_Chamwino: Chaki, pikipiki niachie, nimekuwa Afisa Elimu Kata mimi. Masika korongo likijaa unalala ng'ambo na kaunda suti yako. Petroli nilijaza kwa hela yangu.

Chaki_Bahi: Hela yako ipi mzee? Na ile posho ya madaraka, 250,000 kila mwezi?

Mstaafu_Chamwino: Madaraka siyo petroli, kijana! Hata mwalimu mkuu anapewa 200,000, mbona humuulizi? Na niliyoyaona darasani kwa mwalimu sikuwahi kuyaandika popote. Halmashauri nilipeleka utoro na mahudhurio, basi.

Mama_Kongwa: Yaani uzi mzima petroli? Wa kwetu alikaa dawati la nyuma kipindi kizima. Baadaye akaniuliza, "Wewe umeonaje?" Kisha akanionyesha waliojibu ni wa mbele tu. Kipindi kilichofuata akafundisha yeye, mimi nikatazama. Alifunga vijiti kumikumi kwa raba. Mamoja yasipotosha, unafungua fungu, watoto wanaona kumi inavunjika. Mwalimu wa Nzuguni, jaribu hiyo.

Chaki_Bahi: Kongwa kila kitu kwenu kizuri.

Mama_Kongwa: Wivu huo. Nimesema mmoja, sijasema wote. Aliyemtangulia alikuwa anakagua kucha za walimu.

Mwalimu_Nzuguni: 😂 Vijiti nimeelewa, asante dada. Ila mzee wa Chamwino kagusa penyewe halafu kapita: hayo ya kutoyaandika yalikuwa utaratibu au hiari yako? Maana wa kwangu ana daftari, na sijui linaishia wapi.

Mstaafu_Chamwino: Hiari. Nakuja kufafanua. Kwanza huyu Chaki aniambie lita moja Bahi inauzwaje.