Tupeane uzoefu: leseni ilipogoma kwenye kompyuta ya kazini au ya shule

Mleta mada: Jana nimemkuta mwenzangu akihangaika na kompyuta ya ofisi inayodai kuwa leseni ya Windows haijaamilishwa, nikakumbuka siku ambayo programu yangu ya jedwali ilinifungulia faili la hesabu na kuniachia nisome tu, bila kuandika hata tarakimu moja. Waliopitia haya watueleze walivyotoka.

Mkutubi: Yalinipata hayo hayo, tena siku ya kukabidhi ripoti.

Mwalimu wa maabara: Mimi nilikuwa na kompyuta 30 zilizonakiliwa zote kutoka diski moja, na leseni zilitakiwa zitoke kwenye seva ya KMS, yaani kompyuta ya taasisi inayoamilisha leseni za kompyuta nyingine kwenye mtandao wake, ambayo haitoi leseni ya Windows kwa kompyuta za kawaida mpaka ihesabu angalau 25. Jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo, kila kioo kilikuwa na tangazo la kuamilisha, na seva ilisisitiza kwamba inaiona kompyuta moja tu. Nilibadilisha funguo, nikasakinisha upya mashine mbili, nikakaa sakafuni nikiwa nimeishiwa nguvu kabisa, kwa sababu watoto wale walikuwa wamejiandaa mwaka mzima. Usiku wa manane ndipo nilipotambua kwamba nakala zote zilibeba kitambulisho kimoja, kwa kuwa aliyeziandaa hakuendesha Sysprep, programu ya Windows ya kuondoa vitambulisho kabla ya kunakili diski. Nikapita mashine moja baada ya nyingine na amri ya slmgr /rearm, inayoipa mashine kitambulisho kipya cha leseni, nikiziwasha upya, na kulipopambazuka hesabu ikavuka 25.

Karani: Ungetumia kraki, programu ya kukwepa leseni, ukalala mapema. Mimi ninayo miaka miwili na sijaona tatizo.

Fundi wa mtandao: Ndugu Karani, nakupinga kwa dhati. Kraki hizo hukuagiza kwanza uzime kinga ya virusi, na kompyuta ya ofisi hubeba taarifa za watu wengine.

Karani: Nilisema yangu tu, sikumlazimisha mtu.

Mhasibu: Mwalimu, pole sana. Je, watoto walifanya mtihani?

Mwalimu wa maabara: Walifanya wote, ahsante.

Fundi wa mtandao: Turudi kwa mleta mada. Angalieni saa kabla ya kugusa ufunguo, kwani ikipishana na ya seva kwa zaidi ya saa nne, maombi hukataliwa. Kama ni kompyuta ya mkononi iliyokaa nyumbani, kumbukeni kuwa leseni ya KMS hudumu siku 180 na huhuishwa tu inapoifikia seva, kwa hiyo irudisheni kwenye mtandao wa ofisi.

Mhasibu: Mimi nashauri asiguse chochote, awaite watu wa TEHAMA.

Mleta mada: Nimekwenda kutazama. Saa yake inaonesha Januari 2015, na kila tukiirekebisha, ikizimwa inarudi pale pale.

Fundi wa mtandao: Betri ya ubao mama, inayotunza saa kompyuta ikizimwa, imekufa. Kwa kawaida ni CR2032, ila soma maandishi ya iliyomo kabla ya kununua.