Ruzuku ya utafiti wa elimu: Spencer, IFS, wakfu za hapa Kenya, au kwa mgongo wa chuo cha ng'ambo?

MhadhiriNjoro
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kitivo cha elimu katika chuo cha umma huku Nakuru. Tuna mradi wa sehemu mbili: kuchunguza jinsi watoto wa gredi ya tatu wanavyosoma Kiswahili katika shule za mashambani pande za Njoro na Molo, kisha kufungua chumba cha kusomea katika shule mbili kati ya hizo. Pesa za serikali tuziache kando, nauliza wakfu binafsi tu. Mezani nina Spencer ya Chicago (wakfu wa utafiti wa elimu), IFS ya Stockholm (International Foundation for Science), wakfu za kampuni za hapa nyumbani, na wazo la kuingia kama mshirika wa chuo cha Marekani. Ipi haitanipotezea mwaka mzima?

NyarKisumo
IFS iondoe leo hii. Wale ni watu wa viumbe hai na maji: mimea, mifugo, samaki, chakula. Ungekuwa unachunguza omena wa Ziwa Victoria ningekwambia uanze kuandika usiku huu. Kusoma kwa watoto hakuwahusu.

Mzee_wa_Bajeti
Daktari, miradi yako ni miwili, si mmoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Utafiti una wafadhili wake, chumba cha kusomea kina wake. Ukivichanganya katika pendekezo moja, yule wa utafiti atauliza mbona unanunua rafu za vitabu, na yule wa rafu atauliza mbona unamlipa mchanganuzi wa takwimu.

Utafiti upeleke Spencer. Wana ruzuku ndogo isiyozidi dola 50,000, na kwa bei ya shilingi 130 hiyo ni milioni 6.5. Kwa Njoro na Molo inatosha na kubaki. Hawabagui nchi, mradi pendekezo liwe kwa Kiingereza na bajeti iwe ya dola. Anayeomba ni chuo, si wewe binafsi, kwa hiyo pesa hazipitii kwa akaunti yako hata siku moja. Jambo litakalokuletea maneno na ofisi ya fedha ni kwamba ruzuku hiyo ndogo hairuhusu chuo kukata asilimia yake ya usimamizi. Waambie mapema, tena kwa maandishi. Chuo kikigundua siku ya kutia sahihi, sahihi hiyo utaisubiri sana.

Chumba cha kusomea kipeleke kwa wa nyumbani. Safaricom Foundation wana Ndoto Zetu, ambapo Mkenya huomba kwa ajili ya mradi wa jamii yake. Hapo mwalimu mkuu na wazazi ndio watangulie, wewe ukae nyuma. Neno "nadharia" lisionekane hata mara moja.

KakamegaKwetu
Na Mastercard Foundation je? Pesa wanazo.

NyarKisumo
Wanazo, lakini hupendelea kufanya kazi na taasisi walizozichagua wenyewe, na kwa mipango mikubwa. Pendekezo la mhadhiri mmoja lililotumwa bila kuitwa halina mahali pa kutua. Gates nao kwa sehemu kubwa ndivyo hivyo, isipokuwa wakitangaza zile Grand Challenges, yaani miito yao ya wazi ya mapendekezo.

Mtafutaji_Bondo
Mnabishana kuhusu majina, na majina yanajulikana na kila mtu. Kazi iko katika kutafuta wale msiowajua. Kila wakfu binafsi wa Marekani hulazimika kupeleka kwa idara yao ya kodi fomu 990-PF kila mwaka, na fomu hiyo ni ya umma. ProPublica, shirika la habari la huko huko, wameziweka mtandaoni bure. Shuka hadi orodha ya waliolipwa: utaona jina la mpokeaji, shughuli na kiasi. Ukikuta wamelipa chuo cha Uganda au Tanzania kwa kazi inayofanana na yako, umepata mtu wa kumwandikia.

Katika fomu hiyo pia kuna kisanduku ambacho wakfu hutia alama kama hutoa kwa mashirika uliokwisha kuyachagua tu na haupokei maombi mengine. Ukiona alama, funga, nenda kwa mwingine. Kisanduku hicho kimoja kinaokoa wiki za kuandika. Hifadhidata ya Candid, iliyojulikana kama Foundation Directory, hukusanya haya yote vizuri zaidi, ila sehemu kubwa ni ya kulipia. Uliza maktaba ya chuo kabla ya kutoa kadi yako. Kwa wafadhili wa Uingereza tumia GrantNav, hifadhidata ya ruzuku zao, nayo ni bure, na ruzuku za wakfu wa Wellcome zimo.

MhadhiriNjoro
Asante sana, Bondo. Na hiyo njia ya ushirika na chuo cha Marekani? Mwenzangu anasema ndiyo nyepesi.

Mtafutaji_Bondo
Ni nyepesi kwa mfadhili. Sheria yao inautaka wakfu unaolipa taasisi ya nje ama uthibitishe kwamba taasisi hiyo inalingana na shirika la hisani la kwao, ama ufuatilie matumizi kwa ripoti. Wakfu mdogo wenye wafanyakazi wawili huona heri umlipe jirani yake Mmarekani, naye akutumie wewe mgao. Kwa mgao unapata magari, posho za wasaidizi na karatasi za dodoso. Swali la utafiti wameshaliandika wao. Mimi ningekubali iwapo tu jina lako liko kama mtafiti mwenza na bajeti yako ina ukurasa wake.

Mzee_wa_Bajeti
Naunga mkono. Na usisahau foleni ya nyumbani: kamati ya maadili kwanza, ndipo leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti. Hawa ni watoto, kwa hiyo idhini ya wazazi na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 vitaulizwa. Weka miezi hiyo ndani ya ratiba ya pendekezo, si nje yake.

KakamegaKwetu
Swali dogo la pembeni. Mimi ni mwanafunzi wa PhD. Naweza kuwa mtafiti mwenza kwa hiyo ya Spencer?

NyarKisumo
Hapana, mdogo wangu. Unaweza kuwa kwenye timu na kulipwa, ila mtafiti mkuu na mwenza lazima wawe wamemaliza shahada ya uzamivu au wawe na uzoefu wa kutosha wa utafiti wa elimu. Mwandikie Daktari hapo juu barua, huenda anatafuta msaidizi.

MhadhiriNjoro
Natafuta kweli. Kakamega, niandikie faraghani, useme umewahi kufanya kazi na shule za msingi au la.