Tupeane uzoefu: imeili za domeini nyingi kwenye seva moja

FundiSeva: Wakuu, uzi huu ni wa wanaoendesha Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) na Dovecot (inayomfungulia mtumiaji sanduku lake) kwa domeini kadhaa kwenye IP moja. Kila mtu aweke linalosumbua na dawa yake. Naanza: domeini iliyo kwenye virtual_mailbox_domains (orodha ya domeini zenye masanduku yasiyo akaunti za Linux) isionekane kabisa kwenye mydestination (orodha ya domeini za ndani ya seva). Ikiwa kotekote, Postfix inaichukulia ni ya ndani, inamtafuta mtumiaji kwenye akaunti za Linux, haimwoni, inarudisha "User unknown in local recipient table". Mydestination iachie localhost na jina la seva.

Mzee wa Logi: Kila domeini inahitaji IP na PTR yake (rekodi ya DNS inayogeuza IP kuwa jina)? Hapana. IP moja, PTR moja, tuseme mail.example.com. Ilingane na myhostname (jina la seva kwenye Postfix), na jina hilo likiulizwa lirudi kwenye IP ileile. MX (rekodi inayosema barua za domeini ziende seva ipi) za domeini zote zielekee hapo, kwa jina, si kwa namba ya IP wala CNAME (jina la badala la jina jingine). Wateja wote waweke jina hilohilo kwenye simu na Outlook: poti 993 kupokea, 587 au 465 kutuma. Hapo cheti kimoja cha TLS cha Let's Encrypt kinatosha. Mteja aking'ang'ania aone jina la domeini yake, ndipo unaanza kuhangaika na SNI (seva kutoa cheti tofauti kwa kila jina).

PTR usiitafute kwenye DNS ya domeini. Anaiweka mwenye IP, yaani aliyekukodisha VPS (seva pepe). Kabla hujalipa muulize kama poti 25 ya kutoka iko wazi, kwingi imefungwa. Na kama seva ina IPv6 isiyo na PTR, Gmail watakukataa; weka inet_protocols = ipv4, anzisha Postfix upya, maisha yaendelee.

BintiTanga: SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) ni rekodi moja kwa domeini. Mteja akijiunga na huduma ya matangazo akaongeza ya pili, matokeo ni permerror, yaani SPF inahesabiwa mbovu. Unganisha ziwe moja, na maulizo ya DNS ndani yake yasizidi 10. DKIM (saini ya kidijitali ya barua): kila domeini ufunguo wake. Wa biti 2048 unapita herufi 255, kwa hiyo ukate vipande viwili, kila kimoja kwenye alama zake za nukuu, ndani ya rekodi moja.

Linalosahaulika ni DMARC (sera ya domeini kuhusu barua zinazofeli SPF na DKIM, pamoja na ripoti zake). Ukitaka ripoti za example.org zije dmarc@example.com, DNS ya example.com lazima iwe na rekodi ya TXT (ya maandishi) hii:

example.org._report._dmarc.example.com "v=DMARC1"

Bila hiyo ripoti haziji, na hakuna atakayekwambia kwa nini.

Kipepeo: Mkuu FundiSeva, ongezea hili la kukusanya barua zote za domeini sanduku moja:

@example.org meneja@example.org

Mstari huo unakaa kwenye virtual_alias_maps (jedwali la kuelekeza anwani kwenda nyingine), nayo inasomwa kabla ya masanduku. Mstari huo ukiwa peke yake, hata barua za mhasibu zinaenda kwa meneja. Kila sanduku lipe mstari wake:

mhasibu@example.org mhasibu@example.org

Kisha endesha postmap, ili Postfix ilisome jedwali jipya. Ila kwa kweli mfumo huu wa kukusanya barua zote ni sumaku ya spamu, bora kuukataa.

Mzee wa Logi: Na mtumiaji wa domeini A asiweze kutuma kwa jina la B. Jaza smtpd_sender_login_maps (nani anaruhusiwa kutumia anwani ipi), weka reject_sender_login_mismatch kwenye smtpd_sender_restrictions. Inakagua MAIL FROM tu, yaani anwani ya mtumaji ambayo seva hupeana. From inayoonekana na msomaji haiguswi, na OpenDKIM (programu inayoweka saini ya DKIM) inasaini kwa kufuata hiyo From. Hivyo si kinga kamili.

BintiTanga: Mteja akihamia kwingine, kubadili MX hakutoshi. Domeini yake ikibaki kwenye virtual_mailbox_domains, barua kutoka domeini nyingine za seva hiyohiyo zitaishia sanduku la zamani, kwa sababu Postfix haiulizi MX ya domeini ambayo inaamini ni yake yenyewe. Dunia nzima inampata, majirani zake tu ndio hawampati. Hamisha barua zilizobaki kwa imapsync (zana ya kunakili masanduku kati ya seva), futa domeini kwenye orodha hiyo, halafu postfix reload.