Bukavu: ambreyaje (klachi) inateleza mlimani, fundi anataka kubadilisha diski peke yake. Naomba ushauri

MamaNeema_Bkv

Ndugu zangu, amani kwenu. Naombeni yeyote anayejua gari anisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku tuliyokubaliana na fundi aje kushusha bwate (giaboksi).

Gari ni Toyota Corolla 110, moteri ya 5A, vitesi (gia) za mkono. Tuliinunua miaka sita iliyopita kwa franga za likelemba (mchango wa zamu), na tangu mume wangu afariki ndiyo inayolisha nyumba. Mdogo wangu anaiendesha teksi: Essence, Nyawera, Feu Rouge, mara nyingine Kadutu. Siku mbili kwa juma ninaichukua mimi mwenyewe kwenda Nyangezi kutafuta ndizi na mihogo, na kurudi huwa nimejaza mpaka kwenye viti.

Juma lililopita nilikuwa ninapanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu, nina watu watatu na magunia mawili. Nikakanyaga mafuta, moteri ikalia kwa nguvu, lakini gari ikabaki inatambaa tu. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi ya makaa. Mama mmoja akaomba ashuke, na sikumlaumu. Tangu siku hiyo pedali inashika juu kabisa, karibu na mwisho ninapoachilia mguu. Kwenye barabara tambarare gari inakwenda vizuri.

Kuna mambo mengine mawili. Vitesi ya pili inakwaruza ninapoirudisha kutoka ya tatu, hasa asubuhi. Tena gari ikisimama bila vitesi, moteri ikiwa inazunguka, ninasikia mvumo chini. Nikikanyaga pedali, unanyamaza.

Fundi wetu anaijua gari hii tangu mume wangu akiwa hai. Anasema diski ndiyo imekwisha, ninunue diski peke yake, plato (sahani inayoibana diski) na bite (beringi inayosukuma plato ukikanyaga pedali) bado zina nguvu. Bwate hataki kuifungua. Anasema ikizidi kukwaruza tutatafuta ya okazyo (iliyotumika). Muuza vipuri naye ananisukumia seti nzima, na kwangu tofauti ya bei ni masomo ya mtoto mmoja. Fundi ni mtu mwaminifu, sitaki kumvunjia heshima. Lakini kushusha bwate mara mbili siwezi kulipia. Nifuate nani?

Kamalondo77

Yaya, pole sana. Mimi niko Lubumbashi, ambako milima hatuna, na bado yalinikuta. Nilibadilisha diski peke yake, plato na bite nikaziacha zile zile. Mwezi wa tatu, niko njiani kwenda Kasumbalesa, bite ikaanza kulia kila ninapokanyaga pedali. Bwate ikashushwa tena na mkono wa fundi nikaulipa tena, mara hii nikiwa mbali na nyumbani. Nunua diski, plato na bite kwa pamoja.

Fundi_Birere

Mama Neema, niko Goma, kazi hii ninaifanya kila juma. Kwa maelezo yako diski kweli imekwisha. Moteri inapanda na gari haifuati, harufu ipo, pedali inashika juu: hapo hakuna cha kubishana. Ukitaka kuhakikisha, simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta fre (breki) ya mkono mpaka mwisho, weka vitesi ya nne, ongeza mafuta kidogo, halafu achilia pedali polepole. Ambreyaje nzima itaizima moteri papo hapo. Moteri ikiendelea kuzunguka, inateleza. Fanya mara moja tu, ukirudia unaichoma zaidi.

Lakini kabla ya bei, niambie: chini ya gari, pale moteri inapoungana na bwate, kuna mafuta? Diski inakwisha kwa umri, na inakwisha pia kwa kulowa. Ikiwa imelowa na wewe ukaweka mpya bila kuziba mahali mafuta yanapotokea, hiyo mpya nayo italowa. Laza karatoni safi chini ya gari usiku, asubuhi uangalie. Tone ukilipata, liguse kwa kidole na kulinusa. Mafuta ya moteri yaliyotumika ni meusi na mepesi. Ya bwate ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti. Majibu yako ndiyo yataamua nusu ya kazi.

DerevaMwanza

Salaam kutoka ng'ambo ya ziwa kubwa. Sisi huku tunasema klachi na giaboksi, lakini ugonjwa ni ule ule. Dada, mimi ningetafuta giaboksi iliyotumika na kuipachika nzima. Siku moja kazi imekwisha. Mafundi wanaojua kufungua giaboksi na kuirudisha sawasawa ni wachache.

MamaNeema_Bkv

Aksanti kwa wote. Karatoni niliilaza jana usiku. Asubuhi nimekuta matone matatu, meusi, mepesi, hayana harufu ya kiberiti. Mdogo wangu ameingia chini na tochi, anasema yanatoka kwenye kitundu kidogo chini ya lile kasha la ambreyaje. Jaribio la vitesi ya nne tumelifanya pia: moteri haikuzimika.

Fundi_Birere

Basi tumeshajua. Mafuta meusi kwenye kitundu kile ni ya moteri, yanapita kwenye mpira wa kuzuia mafuta (sili) ulio nyuma ya moteri, nyuma ya vola. (Vola ninayosema ni lile gurudumu zito la chuma ambalo diski inabanwa juu yake, usichanganye na vola ya kuendeshea.) Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko vyote utakavyonunua, lakini kuufikia lazima bwate ishuke, ambreyaje itoke, na vola nayo ifunguliwe. Kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku yake. Ukiuacha, utarudi hapa na swali hili hili.

Plato usiirudishe. Imeteleza na kupata moto mpaka abiria akashuka, na chuma kilichopata moto wa namna hiyo hakibani tena kama zamani. Fundi wako akiitoa, mwombe akuonyeshe vile vidole vya katikati, pale bite inapogusa. Utaona vimechimbika. Diski nayo mwombe apime vichwa vya ripiti (vile vipini vinavyoshikilia uso wa diski): kipimo cha Toyota ni kwamba viwe vimezama angalau 0.3 mm chini ya uso wa msuguano. Vikifika juu, vinakwaruza vola. Na vola yenyewe ikiwa na mistari au madoa ya bluu, ipelekwe kwa turnere (fundi wa kuchonga chuma) aisawazishe. Diski mpya juu ya vola iliyochimbika itatetemeka kila unapoondoka.

Sasa mvumo. Kelele inayokuja unapokanyaga pedali ni ya bite. Yako inanyamaza unapokanyaga. Maana yake ni rulema (beringi) ya ule mti unaoingiza nguvu kwenye bwate: ukikanyaga, mti unaacha kuzunguka, rulema inapumzika. Kwa hiyo bwate yako inahitaji kufunguliwa, hata kama vitesi ya pili isingekwaruza. Na ikifunguliwa, pete ya sinkro ya vitesi ya pili ibadilishwe wakati huo huo. Ni pete ya shaba. Kazi yake ni kusawazisha mizunguko kabla meno hayajakutana. Pete nzima ukiisukuma kwenye koni ya gia na kuizungusha, inang'ang'ania na inabakiza nafasi nyuma yake. Iliyokwisha inateleza na kugusa mpaka chini.

DerevaMwanza, kaka, ninakuelewa, lakini bwate ya okazyo ni kununua ugonjwa wa mtu mwingine. Iko chini pale, imeoshwa, inang'aa, huwezi kuipima vitesi hata moja. Ya kwake tunajua kinachouma ni rulema na pete. Ningekubaliana na wewe kama gia zenyewe zingekuwa zimevunjika meno.

DerevaMwanza

Hapo sawa, kama meno ni mazima. Mimi yangu ilikuwa imevunjika gia ya tatu. Fuata anachosema fundi.

Mzee_wa_Nyangezi

Binti yangu, nimeendesha malori kati ya Uvira na Bukavu miaka mingi, nimepanda Ngomo mvua ikinyesha, ukitazama chini unaona Kamanyola kama kiganja. Nitasema mawili.

La kwanza ni fundi. Usimwambie «watu wamesema hujui». Nenda kwake kabla ya Jumatatu, keti, mwambie: «Papa, nimeona mafuta yanadondoka kwenye kitundu, nimeogopa diski mpya italowa. Nimeamua kuleta diski, plato, bite na mpira wa nyuma ya moteri. Bwate unisaidie kutafuta mwenye kuifungua, wewe ukiwepo.» Fundi mwaminifu hawezi kuchukia maneno hayo. Pengine alikuwa anakuhurumia mfuko wako tu.

La pili ni mdogo wako. Siku moja panda naye bila kusema neno, uangalie mguu wake wa kushoto. Kijana wa teksi pale Feu Rouge, foleni ikiwa mlimani, hashiki fre. Anaishikilia gari kwa ambreyaje, nusu imeshika nusu imeachia, dakika tano. Hapo ndipo diski inapoliwa. Gari mlimani inashikwa kwa fre ya mkono. Tena asiegemeze mguu kwenye pedali akiwa anatembea, hata kidogo. Bite inazunguka muda wote inafikiri inaitwa kazini.

MamaNeema_Bkv

Mzee, aksanti. Nimelipima neno lako la pili leo hii, nimekaa nyuma kama abiria. Ni kama ulikuwa ndani ya gari. Nimeongea naye jioni, ameinamisha kichwa, amekubali.

Swali moja: seti nimepata mbili dukani, zote wanasema ni za Corolla 110, lakini diski moja ni pana kuliko nyingine. Nitajuaje?

Fundi_Birere

Usinunue kabla ya bwate kushuka. Corolla 110 zimekuja na moteri tofauti, na diski zake hazilingani. Ya zamani ikitoka, ibebe mpaka dukani uilaze juu ya mpya. Upana ulingane, idadi ya meno ya katikati ilingane, na mti wa bwate uingie na kuteleza bila kulazimisha. Mpe muuzaji nafasi ya kukurudishia, mwambie mapema.

Na siku ya kupachika, simama pale kama una nafasi, kwa sababu seti nzuri inaweza kuharibiwa mchana mmoja. Kitundu cha kujazia mafuta ya bwate kifunguliwe kwanza, ndipo cha kumwagia. Nimeona watu wamemwaga yote, halafu bulo (bolti) ya juu ikakataa kutoka. Moteri ishikiliwe vizuri kwa chini kabla bwate haijatoka, maana bwate nayo inasaidia kuibeba. Vumbi la diski lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, si zuri kwa mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Diski mpya isishikwe kwa mikono yenye grisi, na upande wenye springi zilizotokeza uangalie kwenye bwate. Ikipachikwa kinyume, pedali haitafanya kazi. Bulo za plato zikazwe kidogo kidogo kwa kuvuka, hii halafu ya upande wa pili, mpaka kipimo cha kukazia cha Nm 19.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni hili: mtu amechoka, ameingiza mti wa bwate katikati ya diski, bulo bado, anaiacha bwate ining'inie pale ili apumzike. Uzito wote unalala kwenye diski mpya, inapinda, na gari ikiwashwa vitesi hazitaki kuingia. Wawe watu wawili, au kriki (jeki) iwe chini mpaka bulo mbili zishike.

Mafuta ya bwate weka 75W-90 yenye alama ya GL-4. Baadhi ya yale yenye alama ya GL-5 peke yake yana dawa inayokula pete za shaba, hizo hizo unazolipia. Jaza mpaka yaanze kurudi kwenye kitundu cha kujazia, ni karibu lita mbili.

Kamalondo77

Mipira ya kardani (ile miti inayozungusha magurudumu) pia, yaya. Kardani zikitolewa kwenye bwate, ile mipira ya pembeni usiirudishe iliyozeeka. Mimi nilisahau, nikaona mafuta kwenye gurudumu juma lile lile.

MamaNeema_Bkv

Ndugu zangu, nimerudi. Kazi imechukua siku tatu.

Nilimwendea fundi kama Mzee alivyonielekeza. Alinyamaza kidogo, akasema kweli aliogopa kunitajia gharama yote, kwa kuwa anajua nilivyo tangu msiba. Bwate aliipeleka kwa mwenzake wa Kadutu anayezifungua, na mimi nilikuwepo.

Diski ilikuwa imelowa upande mmoja, nyeusi, inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Upande wa pili ripiti tatu zilikuwa zimeshafika juu. Vola ina madoa ya bluu manne, turnere ameisawazisha. Vidole vya plato vimechimbika, fundi mwenyewe ndiye aliyenishika mkono nivipapase kwa kidole. Rulema ya bwate ukiizungusha ilikuwa inakwama kama ina mchanga ndani. Pete ya vitesi ya pili ilikuwa inateleza kwenye koni bila kushika kabisa. Tumebadilisha hiyo na ya tatu, kwa kuwa nayo ilikuwa imekaribia. Diski iliyonitosha ni ile nyembamba. Ningenunua mapema, ningechukua ile pana.

Franga hazikutosha. Wenzangu wa likelemba wamenipa zamu ya mwezi ujao mapema, Mungu awabariki.

Jana nimepanda Kadutu na mdogo wangu, bila abiria. Pedali inashika katikati, mvumo hakuna, vitesi ya pili inaingia kimya. Katikati ya mlima kulikuwa na foleni, na akavuta fre ya mkono kabla sijafungua mdomo. Karatoni niliyoilaza usiku imeamka kavu.

Bado swali dogo: Alhamisi ni siku yangu ya Nyangezi. Ninaweza kupakia kama zamani?

Fundi_Birere

Hapana mama, mpaka umalize kilomita 500 hivi. Diski na vola bado hazijazoeana uso kwa uso. Alhamisi chukua nusu ya mzigo, ondoka polepole, na usiku ulaze karatoni nyingine.

MamaNeema_Bkv

Sawa. Magunia mawili basi, na karatoni ninayo.